Mama Si Mchafu, Kaka

S.L.P. 47,
Ruangwa.
14 Julai 2025

Mpendwa kaka Mbaruku,

Juzi Jumamosi mama alipoteza jino la mbele la chini, kwenye muhogo wa kuchemsha, tena muhogo laini. Nimeanza na hilo usije ukasoma salamu ukaishia hapo. Sasa, assalaam aleykum. Wifi Swaumu na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ufuta umetoka vizuri.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanigeuzia utani.

Mwezi uliopita nilifunga duka, nikamtoa mama Naipingo hadi kliniki ya meno Nachingwea, maana kila akipiga mswaki anatema damu. Daktari Elineema akampima fizi kwa kijichuma chenye alama. Kwa mtu mzima wa afya kile kijichuma hakizami zaidi ya milimita tatu. Kwa mama kilizama sita, magegoni saba. Humo ndani ukoga umegeuka jiwe, na mfupa unaoshika meno unalika. Daktari akasema atampiga ganzi, kisha amsafishe chini ya fizi.

Neno hilo ndilo lililotuponza. Mama alijifunga kanga upya, akamwambia, "Mwanangu, mimi napiga mswaki kila alfajiri kabla sijaswali. Anayesafishwa na mwenzake ni maiti." Akatoka.

Nilimbembeleza mpaka akalegea, tukapangiwa siku nyingine. Ndipo akakupigia wewe. Nawe ukacheka, ukamwambia hakuna msafi kama yeye Naipingo nzima, huo ni urembo wa watu wa mjini. Siku ilipofika akashinda shambani, simu kazima.

Wewe humwoni akila. Karanga anazitwanga, mahindi ya kuchoma anayatazama tu. Nikisema mimi, ni Saada na ukali wake. Ukisema wewe, kasema mwanangu wa kwanza.

Meno mawili jirani ya lile lililong'oka yanacheza. Daktari anasema bado yanaokoka, ila si kwa kungoja. Ametupa Jumatatu ijayo, tarehe 21. Mpigie mama, umwambie ulikosea. Na usitamke kusafishwa. Sema anatibiwa fizi.

Shangazi Zaitun anawasalimu. Nibusie Imrani na Samia. Mungu awalinde, awaachie na meno yenu.

Sasa nijibu, bila kicheko: utampigia, au humpigii? Nataka neno moja kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Mdogo wako akupendaye, wiki hii kwa shida,
Saada