Madoa ya Ngeu

Mama Tereza,

Mtoto mchanga mrudishe ndani. Mkeka, kigoda na ukuta havina damu. Madoa mekundu uliyoyaogopa ni ngeu, ule udongo mwekundu mama mkwe anaojipaka nyweleni. Mimi siwezi kumuuliza mkwe habari za nywele zake, kwa hiyo asubuhi nilitumia dawa ya kuoshea vidonda, ile inayotoa povu ikigusa damu. Nilianza na ngeu yenyewe kibuyuni: haikutoa povu. Mkekani pia hakuna. Mama mkwe, akiwa amenipa mgongo, akamwambia Tereza, "Baba yako sasa anaogesha vigoda."

Kisha nikadondosha kwenye shuka la Tereza. Doa likaumuka povu jeupe. Alikuwa ameniapia kwamba nalo ni ngeu ya bibi. Akasema, "Baba, mama usimwambie."

Ninakwambia kwa sababu wewe humalizia uji unaobaki kwenye kikombe chake. Usimalizie tena. Shuka lichemshwe. Akikohoa, ateme kwenye kigae chenye majivu, ukafukie mbali. Mtoto mchanga asilale naye, wala mama mkwe; mama mkwe umwambie wewe.

Nimekwenda Kilimatinde kwa daktari wa boma. ~~Nitarudi na dawa.~~ Nimefuta, kwa sababu nilimtumikia hospitalini kwake na sikuona mgonjwa wa kifua aliyefikia kutema damu akapona. Nakwenda ili Tereza akiniuliza kama nilikwenda, nisimdanganye.

Baba Tereza