Siku Mbili Tulizopanga Kulizunguka Ziwa

Brescia, Italia
Jumatano

Kwa Dada Somoe,

Assalaam alaykum. Shikamoo, dada, na shemeji naye mfikishie shikamoo yake. Nataka kujua mguu wako umepona au bado unachechemea, na kama ule ukuta wa jikoni ulioangushwa na mvua mmeshausimamisha. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nakwenda kazini, sina homa. Zaidi ya hapo sina la kujisifia.

Barua hii umepewa na Sista Imakulata, mtawa wa huko kwetu aliyekuwa huku kwa masomo. Kama amekukuta na watu, ingia chumbani uisome peke yako. Yeye anajua kilichomo na atakusubiri, kwa sababu kuna mahali nataka mwende pamoja ukishamaliza. Jumanne nilikupigia simu nikakuuliza habari za mvua na mikorosho, ukaniambia leo una maneno mengi. Nilikuwa nimepiga kukwambia haya, yakanishinda.

Dada, Joakimu amefariki.

Joakimu huyu huyu wa Mama Tereza, jirani yako hapo Mtawanya. Leo ni siku ya kumi na moja, na mama yake hajui. Wa kwenda kumwambia ni wewe, ndiyo maana nakuandikia kila kitu tangu mwanzo, hata unachokijua, ili utakapokaa mbele yake asikuulize jambo ukakosa jibu.

Unakumbuka alivyokuja huku kuchuma zabibu, kazi ya msimu niliyomtafutia mimi. Siku ya kuondoka Mama Tereza aliniomba simuni nimtazame kama mdogo wangu. Zabibu zilipokwisha nikamwingiza hapa kwenye kiwanda cha kufulia ninakofanya kazi. Tunafua mashuka na taulo za mahoteli. Mimi niko kwenye mashine za kukaushia, yeye alipangiwa kupokea magunia yanaposhuka kwenye malori. Kila gunia lina kibandiko chenye jina la mji lilikotoka, na magunia mengi yanatoka kwenye ziwa moja linaitwa Iseo, liko katikati ya milima, si mbali na hapa. Joakimu kwa sababu ya Kireno alichofunzwa na mama yake, mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, alikishika Kiitaliano haraka kuliko mimi. Akawa anawahoji madereva: huu mji uko upande gani wa ziwa, na huu unafuatia upi. Baada ya muda alikuwa anaitaja miji yote kwa mpangilio kama mtu aliyezaliwa huko, na hajawahi kuiona hata mmoja.

Siku moja tukiwa tunakula mchana akaniambia, "Issa, miaka miwili tunafua mashuka waliyolalia watu walioliona ziwa. Sisi wenyewe hatujaliona."

Nikamwambia basi tutakwenda. Hapo ndipo ilipoanzia.

Tulipanga kwa wiki nyingi, kila Jumapili mezani. Dereva mmoja alimletea ratiba ya boti, naye akaandika safari yetu nyuma ya karatasi ya kazini, kwa kalamu ya risasi ili aweze kufuta. Siku ya kwanza, treni ya asubuhi mpaka mji wa Iseo, tunywe kahawa, kisha tusogee kwa treni mpaka Sulzano, na kutoka hapo boti mpaka kisiwani. Katikati ya ziwa lile kuna kisiwa chenye mlima, na juu kabisa ya mlima kuna kanisa. Alitaka kupanda amwashie mshumaa baba yake. Usiku tulale Marone kwa mzee mmoja anayekodisha vyumba. Siku ya pili, boti mpaka Lovere kule mwisho wa ziwa, halafu basi la upande wa pili liturudishe tulikoanzia. Alisisitiza tusirudie njia. Alitaka tulizunguke ziwa lote, tufunge duara. Ungemwona anavyobishana kuhusu dakika za kubadili chombo ungedhani tunapanga kwenda Hija.

Jambo moja tu hatukukubaliana. Yeye alitaka twende mwezi wa saba, maana alitaka kuogelea. Mimi nikamwambia mwezi wa saba mahoteli yamejaa, mashine hazipumziki, msimamizi hatawaruhusu watu wawili kwa pamoja. Twende mwezi wa tano. Akasema mwezi wa tano bado kuna theluji milimani. Nikamwambia ndiyo vizuri, utaiona. Tulivutana Jumapili mbili. Mwisho nikamwambia kama anataka mwezi wa saba aende peke yake. Akafuta saba akaandika tano, akapuliza unga wa raba mezani, wala hakununa.

Dada, hilo nataka Mama Tereza alijue. Mwezi niliuchagua mimi.

Tuliondoka Jumamosi, jua zuri, tumefunga mikate na mayai ya kuchemsha kwenye begi. Sijui nikwambie nini kuhusu asubuhi ile. Ziwa lenyewe ni zuri, kwa kweli, kijani kibichi, na milima imesimama ndani yake mpaka chini. Kule kisiwani tulikuta watu wametundika samaki wadogo juani kwenye nyuzi, wakauke. Joakimu alicheka, akasema tumezunguka dunia nzima kumbe tumerudi Mikindani. Alimpigia mama yake video akamwonyesha wale samaki. Mama Tereza akauliza kama humo ziwani mna mamba. Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho, na yalikuwa maneno ya kucheka. Mwambie na hilo.

Tulipanda mpaka kanisani. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi, yeye akaingia na kutoka baada ya muda mrefu. Macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia. Tukateremka jua likiwa utosini, tunatoka jasho kama tunalima. Chini kuna gati dogo la mawe, watu wachache wanaota jua, ndani ya maji hamna mtu. Hilo nililiona, na sikulipa uzito.

Joakimu akavua shati. Nikachovya mkono nikamwambia maji ni ya baridi mno, hii ni theluji iliyoyeyuka. Akanijibu, "Mimi nimeogelea Ruvuma na mamba wananiangalia. Hili ni beseni."

Akaruka.

Alizama, akaibuka mbali kidogo na gati. Mdomo ulikuwa wazi lakini hakuita. Alipiga mikono mara tatu au nne, akanitazama. Mimi nilidhani anafanya mzaha. Nikamwambia aache mchezo, watu wanatuangalia. Ndivyo nilivyosema, dada. Alipozama mara ya pili ndipo nikajua.

Niliteremka kwenye maji na nguo zangu. Wewe unanijua, nimelelewa na bahari, sijawahi kuogopa maji. Yalipofika kifuani pumzi ilikatika, kama mtu amenibana mbavu kwa koleo. Mikono haikunitii. Yeye alikuwa mbali kama kutoka mlangoni kwako mpaka kisimani.

Nikarudi.

Nilirudi, nikashika jiwe, nikapiga kelele. Mwanaume mmoja alikuja na mtumbwi, lakini mahali alipokuwa palikuwa pamefunga, maji matupu. Wazamiaji walimpata saa kumi alasiri. Daktari alinieleza kwamba maji ya namna ile yanaubana moyo na pumzi hata kwa mtu mwenye nguvu, na kwamba ningeendelea mbele tungekuwa wawili. Anaweza kuwa anasema kweli. Mimi ninachokijua ni kwamba alinitazama na mimi nikarudi. Usimpunguzie Mama Tereza hapo. Akikuuliza Issa alikuwa wapi, mwambie.

Polisi walinipa blanketi wakaniketisha kwenye benchi. Mmoja, kijana mpole, alikuta ile karatasi kwenye suruali ya Joakimu, akaniomba nimweleze imeandikwa nini, maana ilikuwa Kiswahili. Ikabidi nimtafsirie mstari kwa mstari. Treni. Kahawa. Boti. Kanisa, mshumaa wa baba. Nikafika kwenye siku ya pili nikaendelea tu, Lovere, basi, saa ngapi tunafika, mpaka yule polisi akaniwekea mkono begani akasema inatosha.

Muda wote huo simu ya Joakimu ilikuwa kwenye begi, juu ya mikate. Ilianza kulia nikiwa bado nimekaa pale. Kwenye kioo imeandikwa Mama. Ililia mpaka ikanyamaza. Jumapili ikalia mara mbili.

Jumatatu niliitwa ofisi ya polisi, wakaniuliza ndugu wa karibu wa marehemu ni nani. Dada, kidogo niseme ni mimi. Ingekuwa rahisi. Wangenipa karatasi ningesaini, tungemzika huku, na maneno yote ningeyatafuta baadaye. Nikawaambia ana mama, yuko Mtwara. Wakasema basi mama ndiye ataamua azikwe wapi, na wao hawatafanya lolote mpaka neno lake lifike. Nikaahidi kumwambia siku ile ile.

Jioni yake Mama Tereza akapiga simu yangu. Nikapokea nikiwa nimesimama wima, maneno nimeshayapanga. Akanisalimia, akauliza mbona mwanawe hapatikani. Nikasikia sauti yangu inamwambia simu yake imeanguka imeharibika, na sasa hivi yuko zamu. Akasema mwambie aazime simu ya mwenzake. Nikasema nitamwambia.

Jumapili iliyopita akapiga tena. Sauti yake ilikuwa imepungua. Akaniuliza kama Joakimu anaumwa na ninamficha. Nikasema haumwi. Akauliza kuhusu ile safari ya ziwa, mbona mwanawe alimwonyesha samaki siku moja halafu hakumsimulia zaidi. Nikamwambia siku ile tulifika kisiwani tu mvua ikatufukuza, hatukulizunguka, tumeahirisha mpaka mwezi wa saba.

Akasema, "Bora. Ndiyo mwezi alioutaka mwenyewe."

Tangu hapo sijaweza kumpokelea simu. Kazini wamenipa siku za kupumzika lakini sikuzitaka, nyumbani kuna kitanda chake. Kiwandani nako magunia yanashuka, sasa anayapokea mtu mwingine, na majina ya ile miji yanapita mbele yangu kutwa nzima.

Sikutaka ayasikie kwa simu, peke yake kwenye kile kibanda chake, na mimi nikiwa nimeshikilia kitufe cha kukata. Mwanamke yule alivuka mto pale Kilambo akikimbia vita, na mtoto mmoja mgongoni na kifurushi kimoja kichwani, mumewe amebaki ng'ambo hana kaburi linalojulikana. Huyo mtoto ndiye huyu. Mimi nikiwa mdogo alikuwa ananipa ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha nikitoka chuoni kusoma Kurani. Haki yake ni kuambiwa na mtu aliyekaa naye kwenye mkeka mmoja.

Kwa hiyo nenda na Sista. Nendeni asubuhi, kabla hajatoka kwenda kuuza sokoni. Wachukue na wale kina mama wa jumuiya yao wawili watatu, wakae karibu, lakini mwambie wewe kwanza kwa mdomo wako, kwa maneno mafupi, usimzungushe. Akishalia vya kutosha, mwambie mwanawe yuko kwenye chumba cha hospitali, amehifadhiwa vizuri. Nimekwenda kumwona. Uso wake ni wake, haukuharibika. Padri mmoja wa Kiafrika aliyeko hapa amemsalia. Mwambie akitaka mwanawe arudishwe azikwe Mtawanya, mwenye kiwanda amekubali kugharamia, na mimi nitasafiri naye mpaka mlangoni. Akitaka azikwe huku, nitahakikisha anazikwa ardhini, si kwenye ukuta wa saruji kama wanavyofanya wengine hapa, na nitakuwa natunza kaburi. Asiharakishwe. Hata akitaka wiki nzima ya kufikiri, mwili utamsubiri.

Akinilaani, usinitetee. Ukianza kunitetea atalazimika kukujibu, na siku hiyo asilazimike kumjibu mtu.

Nimempa Sista Imakulata begi dogo: shati lake la Jumapili, rozari, na simu yake. Nimeichaji. Video za asubuhi ile zimo. Msimwonyeshe mpaka aombe mwenyewe.

Nisalimie shemeji. Msalimie Baba Mdogo wa Mikindani, na shangazi yetu mshonaji, mwambie kofia aliyonipa ninaivaa. Mabinti zako wawili wabusu, wasiambiwe mpaka watu wazima wamalize yao. Mniombee kwa Mungu, na mumwombee Joakimu, kila mtu kwa dini yake.

Mama Tereza akishajua, mwambie anipigie saa yoyote anayotaka. Nitapokea.

Mdogo wako,
Issa