Rezista Zisizokaanga

3 Machi

Kwako Shemeji,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ni miguu tu inayosumbua. Vipi mgongo wako, na kule kuinamia redio za watu?

Barua yako imefika. Unataka kopo la rezista la marehemu, vile vidude vyake vya redio, ili umalizie amplifaya yenu. Yenu, ndivyo ulivyoandika. Miaka minane, kila Jumapili, mume wangu alikuwa karakanani kwako na chakula kinapoa mezani. Akirudi shati linanuka lehemu, anacheka peke yake. Nikimuuliza kinachomchekesha, ananijibu, "Mambo ya mafundi." Hata miezi miwili hatujamaliza tangu tumzike, na bado unamwita aje Jumapili.

Kopo ninalo. Alizifunga mbilimbili kwa uzi mwekundu wa cherehani yangu. Nimezifungua zote, nikazichanganya.

Shemeji yako


19 Machi

Shemeji mpendwa,

Nashukuru kwa salamu. Mgongo unanivumilia.

Kunisikitisha umenisikitisha, ila hujaziharibu. Alinunua za bluu tu, kidogo kidogo, maana zile za kahawia za kaboni huleta mvumo kwenye spika. Tena rangi zilizochorwa kuonyesha kipimo si za kuaminiwa sana: mbili zitasema mia, kumbe moja ni tisini na tisa na nyingine mia na moja. Mwenzako alizipima moja moja. Zilizolingana alizifunga pamoja, hii ya spika ya kulia, hii ya kushoto.

Nilizompelekea mimi alizirudisha. Nikamwambia, "Bwana wee, nani atasikia tofauti?" Akasema, "Mama watoto. Anasema redio yetu inakaanga, kama mafuta ya moto."

Miaka minane, Shemeji, nachagua rezista kwa ajili ya sikio la mtu asiyekanyaga karakanani kwangu. Wivu hukuwa nao peke yako.

Mita yake ya kupimia aliniambia anaiweka kwenye droo ya cherehani. Zungusha hadi alama inayofanana na kiatu cha farasi. Usibane ncha zote mbili kwa vidole, la sivyo utaupima na mwili wako.

Shemeji yako


27 Aprili

Shemeji,

Hatujambo. Nimekawia kwa sababu nilikuwa napima. Siku ya kwanza nilibana kwa vidole hivyohivyo ulivyonikataza, namba zikarukaruka mpaka nikakutukana. Sasa nimepata jozi ishirini na mbili, nimezifunga kwa uzi uleule. Moja imebaki peke yake, nadhani alikuwa bado anaitafutia mwenzake. Hiyo siitoi.

Chini ya kopo ameandika kwa kalamu: "Zisizokaanga." Neno lile nililisema mara moja tu, nikiwa napiga pasi. Nilidhani hakusikia.

Haya, jozi nakutumia, malizia. Najua fundi akishamaliza huwasha kwanza mwenyewe. Safari hii naomba usiwashe. Sikio la kwanza liwe langu. Wivu haujaisha, nisikufiche.

Shemeji yako


30 Mei

Shemeji,

Salamu nitakupa kwa mdomo. Nakuja Jumapili, niwekee chakula. Amplifaya nimeifunga ndani ya blanketi.

Sijaiwasha.

Shemeji yako