Wenyeji wa Chumba cha Nyuma

Komine ya Kasuku,
Kindu, Maniema.
Tarehe 17 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Tambwe,

Pokea salamu zangu za mapenzi, wewe na mkeo na wanao wote. Habari za Lusaka? Nimesikia baridi ya mwaka huu ilikuwa kali huko. Je, mgongo wako umetulia, au bado unashona ukiwa umejifunga kitambaa kiunoni? Na wifi yangu, alijifungua salama? Hukuniambia kama ni mtoto wa kike au wa kiume. Nimemwombea kila sala.

Mimi ni mzima wa kutembea. Macho ndiyo yanayonisumbua, kwa hiyo ukiona mistari imepinda, usidhani mkono unatetemeka. Aïcha mwanangu ni mzima, wajukuu ni wazima ila wamekonda.

Barua hii anaichukua Marie-Louise wa Alunguli, yule aliyesoma na mimi. Anakwenda Lubumbashi kwa binti yake, na huko atampa dereva wa lori wa kuaminika. Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu nakudanganya. Unauliza dada yako mkubwa, "Yaya, muko namna gani?" nami najibu tuko salama. Karatasi haina sauti ya kunihurumia, basi hapa nitaweza kusema.

Mwezi uliopita uliniambia umechoka kuitwa mgeni. Uliniambia jirani zako wanasema Wakongo wamekuja kula soko lao, na kwamba unataka kuuza banda lako la kushonea urudi nyumbani, ujenge upande wako wa kiwanja cha baba, uwe mwenyeji kama wenyeji wengine. Simu ikakatika. Tambwe, haikukatika. Niliikata mimi.

Kiwanja cha baba si chetu tena. Nilikiuza miaka tisa iliyopita, na sikukuomba ruhusa.

Naomba usome mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia.

Wewe uliondoka mwaka wa 1998, vita vilipoingia. Hukuuona mwaka wa 2002, mji ulipozungukwa na watu wenye bunduki. Mashamba yetu yalikuwa ng'ambo ya mto na hakuna aliyethubutu kuvuka. Mwanamke aliyekwenda kuchuma muhogo wake mwenyewe aliweza asirudi. Tulikula majani ya mapapai bila chumvi. Nilikuandikia kwamba mama alikufa kwa malaria. Mama alikufa kwa njaa, Tambwe. Alikuwa anasema ameshiba ili wanangu wale sehemu yake, na mimi nilijua, nikanyamaza.

Vita vilipokwisha, sisi tulikaa tukingoja. Mume wangu Sefu, unajua alikuwa mtu wa reli, aliipiga pasi sare yake akangoja treni irudi kama zamani. Jirani aliyefanya kazi kwenye kampuni ya bati kule Kalima alingoja kampuni ifunguliwe. Mji mzima ulingoja vitu vilivyokufa vifufuke.

Waliokuja kutoka Kivu hawakuwa na cha kungoja hapa. Mwaka wa 2004 Godefroid alishuka kwenye ndege ya mizigo na robota moja la mitumba. Alikuwa kijana, hana hata pa kulala. Baba alimkuta sokoni amekalia robota lake kwenye mvua akamleta nyumbani. Akalala barazani, kisha baba akampa kile chumba cha nyuma, karibu na jiko. Alipotaka kulipa kodi, baba alikataa, akasema hii ni nyumba, si hoteli.

Nimemtazama Godefroid kwa miaka ishirini na moja, basi nikikuambia tofauti yetu na wao, si maneno ya sokoni. Mtu wao akifika hapa, anakuta wenzake wa kwao wamekwisha kukaa. Mmoja atampa bidhaa auze kwanza, mwingine atampa meza mbele ya duka lake. Wanakutana kila Jumapili baada ya misa wanaulizana nani amekwama. Sisi tunakutana mtu akifa. Kwa matanga tunachanga, tunapika, tunalia vizuri. Mtu akiwa hai, kila mmoja anafunga mlango wake.

Leo wao wanauza vinavyokuja na ndege, kwenye maduka yenye milango ya chuma: chumvi, sabuni, mabati, dawa. Wanawake wa hapa tunauza vinavyoota, chini kwenye turubai: sombe ya majani ya muhogo, mawese, ndizi, na jua likiwa kali vinanyauka kabla ya kununuliwa. Watoto wao wanasoma shule yenye madawati. Abedi wangu alipata diploma ya taifa, lakini mpaka juzijuzi alikuwa akiendesha pikipiki ya shemeji wa Godefroid, akibeba watu kutoka sokoni hadi uwanja wa ndege. Wakubwa wengi wa ofisini ni watu wa kwetu, tumezaliwa nao, na wakipita na magari yao wanafunga vioo kwa sababu ya vumbi. Kwa hiyo nikisikia watu wanasema wageni ndio waliotumaliza, nakubali nusu, nusu nyingine inanikwama kooni.

Mwaka wa 2016, baba akiwa amekwisha kufa, Sefu alichoka kungoja treni. Alikwenda Kampene kuchimba bati na vijana wa umri wa mwanawe. Mwezi wa nne shimo lilimwangukia. Walimleta Kindu juu ya kinga, baiskeli ya mizigo, wamemfunga kwenye mbao kama mzigo wa mkaa, siku tano njiani. Mguu ulikuwa umeoza. Hospitali ilitaka tulipie vitu vyote kabla ya kumgusa. Niliwaita watu wa ukoo, wakaja, wakakaa, wakasikitika, wakanywa chai, wakaondoka. Wewe simu yako ilikuwa haipatikani mwezi ule. Sikukulaumu.

Nilimwendea Godefroid dukani kwake. Nilikuwa naenda kuuza kiwanja. Nilisema, "Papa Godé, nunua parsele."

Alifunga daftari lake. Akasema, "Mama Abedi, mimi nililalaka pale bila kulipa. Batu batasema nini?"

"Watasema tulikuuzia."

"Na mudogo wako wa Zambia?"

"Huyo niachie mimi."

Alinunua. Hakunidhulumu, napenda ulijue hilo. Alibomoa nyumba ya baba akajenga ya matofali ya kuchoma, na mbele akaweka depo yake ya bidhaa. Sisi alituachia chumba kile cha nyuma, chumba alichokuwa akilala yeye. Sefu alikatwa mguu, akaishi miezi miwili, akafa. Kwa hiyo nilibaki bila mume na bila kiwanja, na wewe nikakuambia Sefu amekufa, nikaishia hapo.

Tumeishi hivyo, sisi wenyeji nyuma, mgeni mbele. Mkewe Josiane ni mtu mpole, tunasalimiana. Wanangu walizoea. Mimi ndiye sikuzoea. Kila nikitaka kwenda msikitini napita kwenye uchochoro kando ya depo, na wapakuaji wa mizigo wananiuliza, "Mama, unatafuta nani?"

Sasa nakuja kwenye jambo la mwaka huu.

Mwezi wa sita bei zilipanda, kwa sababu vita vya Kivu vilifunga njia na ndege zikapungua. Maneno yakaanza mjini, kwamba wageni wanaficha chakula, kwamba warudi kwao. Siku moja asubuhi watu wengi walikusanyika, wengine nimewalea, wakashuka wakipiga mawe milango ya chuma. Walivunja maduka kadhaa, na depo ya Godefroid ikawa mojawapo. Mimi nilijifungia na wajukuu. Nilisikia mlango wa chuma uking'oka, na sauti ya Josiane akiomba wasiwaguse watoto. Hawakuwagusa. Walichukua vitu tu.

Saa nne hivi Abedi alisimamisha pikipiki nyuma ya nyumba. Alikuwa na mfuko mzima wa mchele.

Nilimwuliza ameutoa wapi.

Akasema, "Mama, hii njo haki yetu. Depo iko ku parsele ya babu."

Tambwe, Abedi ana miaka thelathini na minne na wanawe wawili. Nilipaswa kumwambia arudishe. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini wajukuu walikuwa wamelala bila kula siku moja na nusu, na mdogo alikuwa amekwisha kushika mfuko, anatia kidole kwenye tundu. Nilichukua sufuria nikateka maji.

Kesho yake mchana tulikuwa tumekaa uani, chakula kiko chini, Godefroid akatokea kwenye uchochoro. Alikuwa amefungwa bandeji kichwani. Nadhani alikuja kuona kama tuko wazima. Mtu akikukuta unakula unamkaribisha, hivyo ndivyo tulivyolelewa, na ulimi wangu ulisema kabla akili haijauzuia.

"Karibu chakula, Papa Godé."

Angeweza kukataa. Alinawa mikono akakaa kwenye kigoda, akala tonge moja, akala la pili. Abedi alikuwa anatazama mchanga.

Godefroid akasema taratibu, "Muchele wa hapa iko mufupi, tena mwekundu kidogo. Huu iko wa ndege."

Nilimsogezea sufuria.

Akaendelea kutafuna, kisha akasema, "Kwetu balichoma kijiji chote. Kaka yangu balimuzika mimi siko. Hapa banasema nirudi kwetu, na kwetu hakuna. Mama, kama mungeniomba, ningewapa."

Alikula tonge la tatu, akashukuru kwa chakula, akainuka. Aïcha alianza kulia. Mimi sikulia. Nilikaa nikimwaza. Je, kweli angetupa? Mpaka leo sijui. Miaka yote hiyo kwenye kiwanja kimoja, sisi hatukuwahi kumwomba kwa sababu ya aibu, na yeye, aliyelishwa na baba yangu, hakuwahi hata siku moja kuuliza kama tumekula.

Hakupeleka jina la Abedi popote, nina hakika. Lakini wengine waliomwona kwenye pikipiki walilitaja, na askari walikuja kumwuliza. Shemeji wa Godefroid alichukua pikipiki yake. Abedi ametorokea Kampene. Anachimba, Tambwe, kwenye vilima vilevile vilivyomfukia baba yake. Mkewe amerudi kwa wazazi wake Kibombo, watoto ameniachia. Nikisikia kinga inaingia uchochoroni na watu wanazungumza kwa sauti ya chini, natoka nje kutazama nani amebebwa.

Na wiki iliyopita Josiane alikuja, akakaa kitandani kwangu kwa sababu hakuna kiti. Alisema wamepata watu wa kwao waliokimbia vita, familia tatu, hawana pa kulala. Wanahitaji chumba. Alisema, "Mama, si mimi niliyeamua." Nilimshika mkono. Namwamini. Watu hao wameungua kuliko mimi, na bado wana mtu wa kuwapa chumba. Mimi nimezaliwa hapa, kitovu changu kimezikwa hapa, na nimepita kwa watu sita wa ukoo wetu kutafuta kona ya kuweka godoro. Wote wamesikitika.

Basi usirudi kwa kutafuta uenyeji, Tambwe. Huku hautolewi bure kwa aliyezaliwa. Nimeufikiri sana, na naona yule aliye nyuma ya nyumba na yule aliye mbele wanaogopana tu, kila mmoja akiamini mwenzake ana mahali pengine. Wewe huko uko upande wa Godefroid. Labda karibu na banda lako kuna mama wa Kizambia anayeuza mboga chini, naye anakutazama. Sijui anakuwazia nini, lakini najua ninavyowaza mimi. Pita kwake. Muulize kama amekula. Usingoje akuombe, kwa maana hataomba.

Kama moyo wako hauwezi kunisamehe kwa kiwanja, nitaelewa. Sikukiuza kwa tamaa. Nilinunua miezi miwili ya maumivu ya Sefu, na kama ningejua ni miwili tu, labda ningekiuza hata hivyo.

Nisalimie wifi yangu sana, umwambie ningependa kumbeba mtoto. Msalimie Geneviève, binti wa shangazi, kama bado mnaonana, na mwanao mkubwa Joël, ambaye sijawahi kumwona. Aïcha anakusalimu. Wajukuu wanakusalimu, wanadhani Lusaka ni ng'ambo ya mto wetu Lualaba na siku moja utawafuata na mtumbwi. Mungu akulinde katika nchi ya watu, akupe wateja wenye huruma, na awalainishie mioyo wale mnaoishi nao.

Ni mimi dada yako wa damu, ambaye upendo wake kwako haujapungua,

Ramla

Tena: Ukiijibu barua hii, usiandike anwani ya kiwanja. Mwisho wa mwezi nitakuwa nimetoka. Mpelekee Marie-Louise, Alunguli, atakuwa amerudi, uandike jina langu juu. Yeye atauliza watu niko wapi.