Uso Wangu Ukutani

Dutwa, 6 Machi 1995

Mdogo wangu Mihayo,

Mwadila, ng'wana Mayunga, mwana wa baba yetu! Sisi huku tunalala na tunaamka, tunamshukuru Mungu. Mayu mguu bado unamsumbua ila ulimi wa mama huyu mzima kabisa, jana kamtukana mbuzi wa jirani mpaka mbuzi mwenyewe kaondoka. Wewe je? Huko chuoni Dodoma mnakula au mnasoma tu?

Nina shida, na usicheke. Sylvester, yule karani wa pamba wa Bariadi, wazee wake wameleta posa. Harusi ni tukishauza pamba. Basi nikajisemea, bibi harusi gani huyu mwenye uso wa jembe? Siku hizi biashara ni ruksa, gulioni kila kitu kipo, nikanunua krimu ya kopo jekundu. Mwezi ule wa mwanzo nilitakata, Mihayo, hadi mawifi wakaniuliza siri. Sasa uso unawasha, jua likinipiga naungua kama nimepakwa pilipili, na mashavu yamejaa vipele. Nikipaka vinatulia. Nikiacha siku mbili vinarudi, tena na wenzao.

Wewe ndiye unayesomea ngozi. Nisaidie kabla Sylvester hajaniona vizuri. Mimi nakuamini wewe kuliko daktari yeyote.

Dada yako,
Ng'washi


Dodoma, 28 Machi 1995

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mpe Mayu shikamoo yangu pia, mwambie mbuzi anamwomba msamaha. Mimi sijambo, ila vumbi la huku nalo lina masomo yake.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Usiogope. Hapa kuna utafiti mkubwa kuhusu hizo krimu, maana zimeingia nchini kwa wingi na hata mabingwa wa ngozi bado wanajifunza zinatufanya nini. Nilimweleza profesa wetu habari zako, akavutiwa sana.

Usiache ghafla, ni hatari. Endelea kupaka kama ulivyozoea mpaka nikuambie. Kila mwezi nenda kwa Kristofa, mpiga picha wa Bariadi, akupige picha ya uso kwa karibu, bila poda, halafu unitumie. Tukiona mabadiliko yanavyokwenda tutajua la kufanya.

Mdogo wako,
Mihayo


Dutwa, 19 Juni 1995

Mdogo wangu,

Habari za masomo? Sisi tupo, pamba imefunguka vizuri, tunashinda shambani tukichuma. Mayu anauliza kama umekonda.

Picha tatu nimekutumia kwa kondakta wa basi, sijui zimefika. Kristofa ananicheka, anasema watu hulipia picha wakiwa wazuri, wewe unalipia ubaya. Mimi sicheki tena. Ngozi imekuwa nyembamba, mishipa myekundu inaonekana mashavuni, na kidevuni, jamani, nimeanza kuota vinyweleo kama mwanamume! Nimemwambia Sylvester nina malaria, nikaomba harusi isogezwe mpaka Oktoba. Ananiangalia tu.

Niambie kitu kimoja tu: niache au nisiache?

Dada yako,
Ng'washi


Dodoma, 4 Julai 1995

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, tunajiandaa na mkutano wa mabingwa. Picha zimefika, ni nzuri sana, zinaonyesha kila kitu. Vumilia kidogo. Piga moja tu ya Julai, mwanga utokee ubavuni ili mishipa ionekane, kisha nitakuandikia dawa.

Mdogo wako,
Mihayo


Dutwa, 2 Oktoba 1995

Mihayo,

Salamu nitaziweka mwisho, zikipatikana.

Julai ulisema utaniandikia dawa. Agosti kimya. Septemba kimya. Jumatatu iliyopita nilimpeleka Mayu zahanati kwa ajili ya mguu wake. Ukutani, kando ya lile bango la UKIMWI, kuna bango jipya. Nyuso nne, zote mimi. Mmeniziba macho kwa utepe mweusi, mkadhani mmenificha! Nani Dutwa asiyelijua kovu la kidevuni mwangu, nilipopigwa pembe na ng'ombe wa baba? Mayu hajui hata herufi moja. Aliinua mkono akaligusa lile kovu kwenye karatasi, akasema, "Ng'washi, huyu ni wewe." Foleni nzima ikageuka.

Chini mmeandika madhara ya krimu, kisha: Mgonjwa, mwanamke, miaka 28, mkulima. Lakini huku wangapi wanasoma? Wameniona kando ya UKIMWI, wakajisomea wenyewe. Kabla gulio halijavunjika, Dutwa yote ilikuwa inasema Ng'washi anao. Ijumaa wajomba wa Sylvester walikuja, hawakukubali hata viti. Ng'ombe wa mahari hawaji tena. Sylvester mwenyewe hakutia mguu.

Hayo ningeyameza. Hili halimezeki. Apolonia, muuguzi wa zahanati, alinivuta pembeni akaniuliza kwa nini nimepaka miezi yote hiyo. Nikamwambia wewe, daktari wangu, ndiye uliyesema niendelee. Akanishangaa. Kumbe Januari alikuwa semina Mwanza, na wewe ndiye uliyekuja na profesa wako kuwafundisha! Uliwaambia mgonjwa akija, aanze kupunguziwa krimu siku hiyohiyo, kidogo kidogo, huku anapewa dawa. Januari, Mihayo. Mimi nimekuandikia Machi.

Ulijua? Nijibu hilo tu.

Bado dada yako,
Ng'washi


Dodoma, 25 Oktoba 1995

Dada yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia.

Ndiyo, nilijua.

Lakini nisikilize. Wagonjwa wote wanatufikia wakiwa wameshaharibika. Sisi hatukuwa na mtu hata mmoja tuliyemfuata tangu mwanzo, mwezi kwa mwezi, kwa picha. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Nikasema miezi michache tu, halafu nitamtibu kwa mkono wangu, wala hatajua. Bango niliambiwa litabaki hospitali kubwa, sikujua litafika huko. Profesa amenisifu mbele ya wageni, huenda nikapelekwa Ulaya kusoma zaidi. Hilo si langu peke yangu, ni letu sote nyumbani. Ulinibeba mgongoni nikiwa mdogo, nami nitakubeba.

Nakuja Krismasi na dawa. Nina ombi moja, tafadhali usikasirike. Uso ukishatulia, pita kwa Kristofa akupige picha ya mwisho. Bango lisilo na picha ya kupona linawatisha watu.

Mdogo wako,
Mihayo


Dutwa, 20 Novemba 1995

Mihayo,

Mayu ni mzima. Nawe Mungu akulinde huko uliko.

Dawa usilete. Apolonia ananipunguzia krimu taratibu na vipele vimeanza kukauka. Mishipa imebaki. Anasema hiyo huenda isiondoke.

Wahenga walisema mchawi mpe mwanao alee. Mimi uso wangu nilimpa ndugu wa tumbo moja. Heri ningempa mchawi, yeye angeona aibu.

Apolonia alitaka kulibandua bango, nikamkatalia. Siku ya kliniki ya watoto nilisimama mbele ya akina mama, nikawaambia kwa Kisukuma: huyu ni mimi, na hii si UKIMWI, hii ni krimu ya kopo jekundu. Kisha Domitila, mke wa fundi baiskeli, akatoa kopo lake kwenye kikapu palepale akampa muuguzi. Kwa hiyo kazi yako inasaidia watu, sikunyimi hilo.

Lakini si ungeniomba! Ungeandika tu, dada, kubali uharibike kidogo ili wengine wapone. Mimi na ujinga wangu huu, kwa kuwa ni wewe umesema, huenda ningekubali. Hilo ndilo linaloniliza, wala si Sylvester. Sylvester alinijua mwaka mmoja.

Picha ya kupona hupati.

Krismasi njoo, hapa ni kwenu na Mayu anahesabu siku. Nitakupokea. Nitakuwekea kiti, nitakumiminia maji ya kunawa, nitakuchinjia kuku kama anavyochinjiwa mgeni yeyote, na nitakuuliza safari ilikuwaje. Zaidi ya hapo usitegemee neno kutoka kwangu.

Ni mimi,
mgonjwa, mwanamke, miaka 28, mkulima