Mume Mwenza Ndani ya Simu

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na shemeji naye mzima, na ule mguu wake umeacha kumnyima usingizi. Wapwa zangu wasalimie mmoja mmoja, uwakumbushe kuwa mjomba wao bado ndiye mwenye sura nzuri kuliko wote katika ukoo huu. Sisi huku hatujambo. Mimi mwili haujambo, moyo ndio una homa, na homa yenyewe imeletwa na simu.

Unanijua, dada. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, bado tunasutana. Lakini dunia nimeitembea: nimepika melini, nimeendesha malori, nimeuza miwani kwa watu wasio na shida ya macho. Nilipotulia nikachimba mabwawa nyuma ya nyumba na kupandikiza samaki wa perege, watu walikuja kunitazama kama sinema. Nilikuwa nasimama ukingoni, natupa punje za chakula, naona maji yanavyochemka kwa midomo, na mara moja najua nani ameshiba na nani anajidai. Wifi yako alikuwa akija kuniuliza tuwape kiasi gani leo. Nami nakuna kidevu kama waziri, natamka, na linakuwa.

Ndipo chama chetu cha wafugaji kikatuletea mtaalamu, kijana wa viatu vilivyochongoka, na programu yake ya kusimamia mabwawa. Akaiweka kwenye simu ya wifi yako kwa sababu yeye husoma upesi, mimi husoma kwa heshima. Unaiambia bwawa lina ukubwa gani, samaki wangapi, uzito gani. Nayo inakujibu chakula kiasi gani, maji yabadilishwe lini, uvunaji uwe lini.

Tangu siku hiyo sikuulizwa tena neno. Asubuhi programu imesema. Mchana programu imekataa. Tuko mezani, simu inalia kidogo, wifi yako anaitazama na kutabasamu. Tabasamu lile, dada, mimi hulipata nikiwa nimebeba zawadi tu! Nikaipa jina Mume Mwenza. Kila nikimwuliza mume mwenzangu amesemaje leo, anacheka mpaka anashika ubavu, anasema nione aibu, mtu mzima na mvi zangu naonea wivu betri. Nacheka naye, huku ndani nawaka kama mkaa.

Sasa hiyo programu haina macho. Inataka uvue samaki wachache, uwapime, uiambie, yenyewe ikadirie bwawa zima. Kazi ya kuvua nikaing'ang'ania mimi. Nikatupa punje ukingoni, wakaja mbio wale mabaunsa wasioogopa mtu, nikawazoa. Wembamba waliojipenyeza nikawarudisha majini. Sikufanya kwa hila, dada, haki ya Mungu. Mgeni akija kukutazamia watoto, si unamtolea waliooga? Nilitaka Mume Mwenza ajue kuwa hapa kuna mfugaji.

Akajua! Akadhani bwawa zima ni mabaunsa, akaagiza chakula cha mabaunsa. Kikawashinda, kikazama, kikaoza, maji yakawa mazito ya kijani yenye harufu ya soksi. Asubuhi moja tukakuta samaki wote wamepanda juu, midomo wazi, wanahema kama wazee waliopanda ghorofa. Nikapiga kelele kwamba nilisema mimi, Mume Mwenza ni muuaji! Wifi yako alifungulia maji mapya, akasimamisha chakula, ndipo akaniuliza nilivua vipi. Nikamweleza kwa majivuno yote. Akaketi pale ukingoni akacheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi kweli, maana waliokufa walijaa karai.

Kwenye mkutano wa chama akakisimulia kisa hicho. Hakunitaja, alisema tu kuna mwanamume mmoja. Ukumbi mzima ukanigeukia. Lakini baada ya kunicheka, mmoja mmoja wakaanza kukiri kuwa nao huwapima wanono tu! Wifi yako akawaonyesha jinsi ya kukokota wavu kutoka kila pembe na kupima atakayekuja, mnene kwa mwembamba. Yule mtaalamu alimtazama kama mtu aliyeokota saa ya dhahabu. Mimi nilitazama viatu vyake tu.

Sasa dada, kaa vizuri. Wiki iliyopita simu ya wifi yako iliita, yeye yuko bwawani, matope magotini. Nikapokea. Alikuwa mtaalamu. Alisema ofisi yao huko mjini kwenu inamtaka wifi yako akafundishe wafugaji wengine kwa miezi kadhaa. Nikasafisha koo, nikamwambia nimeshauriana na mke wangu, amekataa, kazi za nyumbani zimemzidi. Kisha nikaenda kumwambia wifi yako kuwa mtu amekosea namba.

Jioni, akimenya viazi, aliniambia kwamba alikuwa akiitarajia simu fulani, ila anadhani wamempata aliyesoma kumzidi yeye. Akacheka kidogo, akasema si kitu. Nimeona wanawake wakilia katika bandari nyingi, dada, lakini kicheko kile kilinivunja. Nikamwambia ukweli palepale. Hakufoka. Alininunia tu, akawa ananipakulia chakula bila kunitazama, kama ananipimia dawa. Mwishowe nikampigia mtaalamu, wifi yako amesimama mbele yangu mikono kiunoni, nikasema aliyekataa ni mume, mke hakuulizwa. Kijana akasema nafasi bado ipo. Nilitamani aseme imejaa. Nakuandikia ukweli.

Kwa hiyo aliyekukabidhi barua hii ndiye mwenyewe. Mpokee, mpe chumba chenye dirisha, usimpe vyombo vya kuosha, ana kazi ya watu. Anasema amenisamehe nusu. Nusu nyingine ataangalia mwenendo wangu. Na yule Mume Mwenza hanisumbui tena. Sasa nakuonea wivu wewe, dada, utakayekunywa chai na wifi yako kila asubuhi.

Msalimie shemeji sana, na majirani wote wanaonikumbuka kwa wema. Wasionikumbuka kwa wema, waambie nimezeeka.

Ni mimi mdogo wako mtundu,
yule mliyemwita Domo.