Kadi Mbili Katika Nyumba Nisiyoingia

Jumapili, 2 Machi
Chai imechumwa na kufikishwa kituoni mapema. Mvua ya saa nane haikuchelewa. Nimekula ndizi za kuchemsha, peke yangu, kwa chumvi. Mapishi yangu hayajawahi kumpendeza mtu, hata marehemu mke wangu, na yeye alikuwa mpole.

Alasiri mwanangu Nyakundi alikuja akasimama mlangoni. Akisimama bila kukaa, kuna jambo. Anaunda kompyuta ya kazi. Huchora nyumba ambazo hazijajengwa, na mteja akazitembelea kwenye skrini kana kwamba zipo. Mkandarasi mmoja wa Kisii mjini amempa kazi ya majaribio: majumba ya ghorofa, picha zinazotembea, zifike Ijumaa. Zikimpendeza, kazi ni ya mwaka mzima, na ataifanyia hapa hapa Nyaramba. Zisipofika, atahamia Nairobi kwa rafiki yake mwenye ofisi. Yeye, mkewe, na Kemunto.

Jina la Kemunto alilitaja mwisho, akiangalia viatu vyake. Mjukuu wangu ni huyo mmoja.

Aliniuliza pawasaplai ya nguvu gani itatosha, lile sanduku la chuma linaloigawia kompyuta umeme. Nimefurahi kupita kiasi. Nilikuwa fundi wa umeme wa kiwanda cha majani chai mpaka nikastaafu, na hakuwahi kuniuliza hata habari ya balbu.

Jumatatu, 3 Machi
Hesabu nimefanya. Nilisimama uani kwake, yeye ndani, akinisomea vibandiko kupitia dirishani. Kadi ya picha, ile inayochora, ndiyo mlafi: wati mia tatu na hamsini. Prosesa, mia na hamsini. Feni, diski na vikorokoro vingine, tuseme mia. Jumla mia sita. Nikaongeza akiba, maana chupa ya chai haijazwi mpaka mdomoni. Nikamwambia anunue ya mia saba na hamsini.

Ningependa kuiona hiyo mashine. Haiwezekani. Iko nyumbani kwake, na kwetu Wagusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Vijana wa mjini huyacheka mambo haya. Wacheke. Baba yangu hakuingia kwangu hata siku mvua ya mawe ilipomkuta uani. Alisimama chini ya ukingo wa bati, nikamtolea kiti.

Jumanne, 4 Machi
Ameenda Kisii, amerudi nayo. Jioni nikasikia feni inavuma kule kwake. Kemunto akacheza uani. Nimejisikia fundi tena.

Jumatano, 5 Machi
Inazima.

Inawaka vizuri. Nyakundi anafungua kazi. Inaanza kuchora, halafu tap, giza. Nikalaumu kinu cha kusaga cha jirani, kinachovuta umeme wa kijiji kizima. Nikaenda kumwomba akisimamishe. Akakisimamisha, na wanawake waliokuwa kwenye foleni na mahindi yao wakanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Kompyuta ikazima tena, kinu kikiwa kimya.

Nyakundi akarudi ndani kuiwasha upya. Afadhali angenigombeza. Mkewe amepita nyuma ya nyumba na ndoo ili tusikutane uso kwa uso. Ndiyo heshima yetu, hupita huko kila siku. Leo nimeona kama ni hasira.

Nina hofu. Sina njia nyingine ya kuliandika. Nina hofu.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi nimeona sanduku lao la nguo limeanikwa juani, limefunguliwa lipigwe na hewa. Sanduku halianikwi bure.

Nikavuka uani, nikasimama pale pale dirishani. Nikamwambia anieleze upya, tangu mwanzo, asiruke kitu.

"Tata, iko sawa kabisa mpaka hiyo kadi ya pili ianze kazi."

"Ya pili ipi?"

"Si ziko mbili, Tata? Mimi nilijua unajua."

"Ningejulia wapi, na mimi niko hapa nje?"

Akajipiga paji la uso. Alinisomea kibandiko cha kadi moja kwa sababu ya pili ni pacha wake, hakuona haja ya kurudia. Na mimi, mzee mzima, nikapiga hesabu ya nyumba nisiyoijua ndani. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Akacheka naye. Sijui mara ya mwisho tulicheka pamoja lini.

Basi upya. Mia sita, ongeza mia tatu na hamsini, mia tisa na hamsini. Na haiishii hapo. Kadi hizi hazinywi umeme kwa utaratibu. Kazi ikianza huruka juu kwa kufumba na kufumbua, kama mota zetu za kiwandani zilivyovuta zaidi zikiamka. Zikiruka zote mbili pamoja, sanduku dogo hujilinda kwa kuzima. Halikuwa bovu, masikini. Tumelionea. Nikamwambia alete la wati elfu moja na mia mbili, na kila kadi ipate waya zake kutoka kwenye sanduku, zisigawane waya mmoja wenye panda.

Akapiga simu dukani. Wamekubali tubadilishane. Kabla hajapanda boda nikamwambia safari hii nataka kuona kwa macho yangu.

Akafikiri. "Basi tuilete kwako, Tata."

Mwana kuingia kwa babake hakuna mwiko. Tena nyaya za nyumba yangu nilizipitisha mwenyewe, na zina waya wa ardhini. Nimefagia chumba cha mbele alikokuwa akihifadhi mahindi mke wangu. Vumbi lake bado lilikuwa na harufu ya mahindi.

Ijumaa, 7 Machi
Iko mezani kwangu, ubavu wazi. Nimeziona. Kweli ziko mbili.

Asubuhi tumefunga skrubu pamoja, tumeinamiana vichwa. Hatujakaribiana hivi tangu alipotahiriwa. Tangu siku ile baba na mwana hukaa mbali kidogo. Ana mvi nyuma ya sikio. Mwanangu ana mvi, na mimi sikujua. Nimempenda sana saa ile, nikamwambia ashike tochi vizuri.

Tukaiwasha. Kadi ya kwanza ikaamka, ya pili ikaamka. Feni zikapiga kelele. Haikuzima.

Imechora mchana kutwa. Shida ikawa jua. Sisi ni Wasabato: likitua ni Sabato, na lazima mashine izimwe, imalize isimalize. Nyakundi akasema si inajifanyia yenyewe, tungeiacha tu. Nikamwangalia. Hakurudia.

Ilimaliza jua likiwa bado juu ya migomba. Akatuma. Mkandarasi akajibu papo hapo, maneno machache: amependa, aje Jumatatu wazungumzie jengo la pili. Nyakundi akanisomea mara mbili.

Akazima mashine. Mlangoni nikasikia hodi na hatua zikiondoka. Mke wa mwanangu ameacha sinia: ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa. Nimekula mpaka nikaona aibu.

Sabato, 8 Machi
Kanisani, kisha nyumbani. Mashine nimeifunika kwa kitambaa cha meza cha marehemu. Kemunto amelala kwenye kiti changu, nimekaa kwenye kigoda.

Sanduku la nguo haliko tena juani. Sijui wameliweka wapi, siingii humo. Viatu vya kazi vya Nyakundi ameviacha mlangoni kwangu tangu jana, karibu na vyangu. Mvua ilipoanza nikaviingiza ndani.